Zebaki Kwenye Sakafu Nyekundu

Nilikuwa sijawahi kuiona bahari nilipoanza kukusanya vyombo vya mabaharia. Nilikuwa karani wa dalali mmoja mjini Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kuandika lebo. Katikati ya miaka ya sabini, wazungu wazee waliobaki mashambani walikuwa wakifariki mmoja mmoja, au wakiuza mali na kurudi kwao, na malori yalituletea nyumba nzima nzima: makabati, vitanda vya chuma, vichwa vya nyati, masanduku ya vitabu vilivyoliwa na mchwa. Mimi nilikaa nyuma ya ghala na kalamu na gundi, nikikitaja kila kitu kwa jina lake na kukibandika namba.

Siku moja nilishindwa. Ndani ya sanduku la mbao mlikuwa na kitu chenye umbo la kipande cha chapati. Fremu yake ilikuwa ya mti mweusi, mkono wake wa shaba, kilikuwa na vioo viwili vidogo, na ukingoni kulikuwa na utepe wa pembe ya ndovu uliochongwa vipimo vyembamba kama nywele. Dalali mwenyewe alikigeuza mara mbili akanirudishia. Niliandika, "Kifaa cha zamani, matumizi hayajulikani," na siku ya mnada hakuna aliyeinua mkono.

"Chukua wewe," dalali akaniambia. "Kinatuzibia nafasi."

Nilikipeleka maktaba Jumamosi baada ya kazi, kikiwa kimefungwa ndani ya gazeti, nikapekua ensaiklopidia hadi nikaona picha yake. Kinaitwa oktanti, na kile kilichokuja baadaye kuchukua nafasi yake kinaitwa sekstanti. Baharia hulitazama jua au nyota kupitia vile vioo, akalishusha taratibu mpaka ligusane na mstari ambapo maji na mbingu hukutana, kisha akasoma pembe kwenye ukingo. Akiwa na pembe hiyo, na saa isiyokosea, na majedwali ya nyota, hujua yuko wapi duniani hata kama hajaona nchi kavu kwa mwezi mzima.

Mimi ni mtu wa Ukambani. Kwetu maji makubwa kuliko yote yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe, na hilo nalo lilikuwa likikauka. Sijui kwa nini jambo hilo lilinishika vile. Labda ni kwa sababu maisha yangu yalikuwa kubandika namba kwenye vitu vya wengine, na hapa palikuwa na kitu ambacho ni mimi peke yangu, katika ghala zima, niliyejua jina lake.

Kumbe vilikuwa vingi. Manahodha wastaafu wa Kiingereza walikuwa wamekuja kulima kahawa na kufuga ng'ombe nyanda za juu, kila mmoja na sanduku lake la baharini, na walipokufa watoto wao hawakutaka kubeba uzito huo kwenye ndege. Katika miaka minne nilipata sekstanti tatu, saa ya meli iliyoning'inizwa ndani ya pete zake za shaba ili ibaki sawa hata meli ikilala upande, rula pacha za kuchorea njia kwenye ramani, na tufe la nyota lililopasuka ubavuni. Vitu hivyo vilikuwa adimu hata huko vilikotoka. Mimi nilivipanga chini ya kitanda, mtaani Eastlands.

Tulikuwa na chumba kimoja katika nyumba za kaunsili ya jiji, mimi na mke wangu. Vyumba sita vilitazamana na vingine sita, na katikati ya ua kulikuwa na bomba moja. Sakafu yetu ilikuwa ya simiti nyekundu. Mke wangu aliipiga polishi kila Jumamosi akiwa amepiga magoti, kwa kitambaa, mpaka unaweza kuona kivuli cha miguu ya meza ndani yake. Siku zile nyingine alidarizi. Vitambaa vya makochi, vitambaa vya mezani, foronya za maharusi: kona nyingi za mtaa ule zilikuwa na maua ya mkono wake. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Angeweza kuongea, kucheka, kumwangalia mtu usoni, na sindano ikaendelea kupita palepale inapotakiwa.

Aliniacha na vitu vyangu bila kelele.

"Na hiyo bahari yenyewe utaileta lini?" aliniuliza siku nilipoleta sekstanti ya pili.

Alikuwa ametania, lakini alikuwa amegusa penyewe. Bila bahari hakuna ule mstari wa maji na mbingu. Kutoka ua wetu ungeona paa za mabati, waya za nguo na, nyuma yake, mabomba ya moshi ya viwandani. Vyombo vyangu vilikuwa kama kufuli zisizo na funguo, mpaka lilipokuja sanduku la nahodha mmoja aliyefia shambani kwake karibu na Naivasha.

Ndani mlikuwa na trei ndogo ya chuma, paa dogo la vioo viwili kama la kibanda, na chupa ya chuma iliyofungwa kwa kizibo cha kuzungusha. Chupa haikuzidi ile ya dawa ya kikohozi. Nilipoinyanyua, mkono ulinishuka. Ilikuwa na uzito wa pakiti moja na nusu ya unga. Kitabu kilichokuwa chini ya trei kilieleza: baharia akiwa nchi kavu, humimina zebaki kwenye trei, ikatulia ikawa kioo kilicholala sawasawa na dunia. Hutazama jua la juu na jua lililo ndani ya zebaki, akayakutanisha, na nusu ya pembe hiyo ndiyo anayoitafuta.

Nilifungua kizibo jioni hiyo mezani. Mke wangu aliweka sindano chini, akaja kusimama nyuma yangu. Ile zebaki ilitoka ikiwa nzito na yenye kung'aa, ikatandaa, ikatulia, na nyuso zetu mbili zikatokea ndani yake zikitutazama kutoka chini.

"Sipendi," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Lakini ni nzuri."

Mwanzoni nilifanya vipimo uani. Jua la Nairobi saa sita huwa juu mno, sekstanti haiwezi kulipima kwenye zebaki, kwa hiyo nilingoja saa tatu asubuhi Jumapili, kabla ya kanisa, au saa kumi jioni. Saa ya meli niliisawazisha kwa ile milio ya redio kabla ya habari. Hesabu yangu ya kwanza iliiweka nyumba yetu katikati ya Ziwa Victoria. Baada ya miezi mitatu niliishusha mtaa wa jirani, nikatembea siku nzima nikitabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

Lakini watu walikuwa wakitazama. Mwanamume mmoja wa safu yetu aliniuliza kama nilikuwa napima ili kaunsili ije ibomoe. Mzee mmoja wa kanisa alimvuta mke wangu pembeni baada ya ibada, akamuuliza kwa upole kama mumewe alikuwa anasujudia jua. Niliona aibu. Nikahamishia kazi yote ndani. Dirisha letu lilielekea magharibi, na saa kumi jua liliingia mpaka mezani. Niliiweka trei palepale, katika joto lile, na pazia la mlangoni nikaliteremsha.

Zebaki huchafuka. Hufanya utando wa kijivu juu, na kitabu kilisema ikamuliwe kupitia ngozi laini ya mbuzi. Kilisema pia kazi hiyo ifanywe nje, penye hewa. Sentensi hiyo niliisoma. Nakumbuka hata ilikuwa juu ya ukurasa, mkono wa kushoto. Haikusema kwa nini, na mimi nilidhani ni kwa ajili ya kuepuka vumbi la nyumba, kwa hiyo nilifagia kwanza, nikafunga mlango, nikakamua ndani. Matone machache yaliruka kila mara. Niliyaona yakitoweka kwenye nyufa za sakafu, nikayahesabu kuwa hasara ndogo.

Kisha ikaja Jumapili moja, mvua za masika zikiwa zinakaribia. Mama jirani wa mlango wa pili, mfanyabiashara wa mboga kutoka Murang'a ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa mke wangu, alibisha hodi akirudisha kisu alichokuwa ameazima. Nilishtuka kama mwizi. Kiwiko changu kikagonga trei, na bahari yangu yote ikamwagika.

Ilipiga sakafu ikapasuka vipande mia. Matone yalikimbia chini ya kitanda, chini ya kabati, mpaka ukutani na kurudi.

"Usikanyage!" nikapaza sauti.

Mke wangu alikuwa ameshapiga magoti. "Tazama yanavyokimbia! Kama vifaranga!" Alikuwa anacheka. Alikusanya kwa viganja, akayaelekeza tone kwa tone mpaka yakaungana, akayabeba mikononi na kuyamimina kwenye trei, na kila alipofungua vidole mengine yaliponyoka. Nami nikaanza kucheka. Tulitambaa sakafuni karibu saa nzima, mama jirani akitutazama kutoka mlangoni na kisu mkononi, akitikisa kichwa. Sikumbuki siku nyingine tuliyocheka vile katika chumba kile.

Tulipomaliza, alinawa mikono kwenye beseni. Kisha akainua kidole kwenye mwanga.

"Pete yangu imekuwaje?"

Ilikuwa pete nyembamba ya dhahabu, ya harusi yetu. Sasa ilikuwa nyeupe. Haikuwa na doa. Ilikuwa nyeupe yote, kama ya bati. Aliisugua kwa majivu, akaisugua kwa ndimu, akaisugua kwa upindo wa rinda lake. Haikubadilika.

"Itatoka yenyewe," nikasema.

"Imekufa," akasema yeye. Hakuwa akitania tena. Aliivua siku ya pili, akaifunga kwenye leso, akaiweka ndani ya kopo la vifungo.

Mvua zilipoanza, jiko la makaa liliingia ndani, kama kwa kila mtu. Yeye aliliweka kwenye kona kati ya kitanda na ukuta, juu ya sakafu iliyopasuka, na hapo ndipo tulipopikia na kuotea moto kwa miezi miwili, dirisha likiwa limefungwa. Mimi niliondoka alfajiri na kurudi jioni. Yeye alikuwa humo mchana na usiku.

Kitu cha kwanza kilikuwa mate. Aliamka mto ukiwa umelowa. Kisha fizi zikaanza kutoka damu, na akalalamika kwamba kila chakula kina ladha ya sarafu. Mimi pia nilikuwa nikiisikia ladha hiyo, ila nilipofika mjini ilipotea, nikaisahau. Usingizi ukamkimbia. Yeye ambaye alikuwa akiimba akipiga polishi, akaanza kuogopa watu. Mteja akibisha, alijificha nyuma ya pazia la kitanda na kunifanyia ishara niseme hayupo. Siku nyingine aliwaka hasira kwa kitu kidogo, kijiko kilichoanguka, kisha akalia kwa sababu ya ile hasira.

Halafu mikono. Niliuona mtetemo kwanza kwenye vitambaa kabla sijauona kwenye vidole. Alikuwa anadarizi seti ya harusi, maua yaleyale sita, na nilipoikunjua niliona ua la kwanza likiwa safi, la tatu likiwa na petali zilizopinda, na la sita likiwa kama limeshonwa na mtoto. Alinipokonya kile kitambaa.

"Ni macho," akasema. "Taa ni hafifu."

Lakini jioni hiyo nilimwona akijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu mara nyingi, ulimi ukiwa kati ya meno, mpaka akaiweka sindano chini taratibu sana, akakalia mikono yake.

Hospitalini walisema damu imepungua. Wakasema malaria. Wakasema mishipa ya fahamu, apumzike. Hakuna daktari aliyeuliza tunaweka nini chini ya kitanda, nami sikuona kwamba ni jambo la kusema. Wakati huo alikuwa mjamzito, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka mitatu ya kungoja. Iliharibika ikiwa ya miezi mitano. Sikuwahi kupata mtu wa kuniambia kwa hakika sababu yake ilikuwa nini, na nimeacha kuuliza.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka nyumbani. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Hakuweza kulala wala kukaa katika chumba chenye kitanda changu. Alilala kwa mama jirani, na mchana alikaa nje ya mlango wetu akiwa amenipa mgongo, akimlisha binti yake uji kijiko kwa kijiko, kwa sababu kikombe kilimwagika.

Ni yeye aliyeiona sufuria. Ilikuwa imewekwa kifudifudi pale kwenye kona ya jiko, baada ya kusuguliwa kwa mchanga. Alipoipokea mlangoni kutoka kwa binti yake asubuhi ya siku ya nne, alipiga ukelele uliotoa watu vyumbani. Nilitoka na povu la sabuni kidevuni. Sufuria ya alumini, tuliyokuwa tumepikia ugali jana yake, ilikuwa imeota manyoya. Manyoya meupe, marefu kama ukucha, yakiwa yamesimama kwenye ukingo wake. Nilipoyagusa yakawa unga, na chini yake sufuria ilikuwa imetoboka.

Mwanamke mmoja aliondoa ndoo yake kwenye foleni ya bomba akarudi ndani.

Mama mkwe aliongea akiuangalia ukuta. "Mwambie huyu mwana wa wenyewe," alimwambia mama jirani, ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, "vitu vya wale marehemu vitoke humu ndani. Sufuria imeota mvi. Anangoja nini kingine kiote?"

Mama jirani alinigeukia. "Umesikia, baba."

"Mwambie mama kwamba nimesikia," nikasema. "Na kwamba mimi ni mtu wa kanisa, siamini hayo."

"Kama haamini, anipe mtoto wangu niende naye."

"Hospitali ziko Nairobi," nikasema. "Kule kwetu atatibiwa na nani?"

Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini, mikono ikiwa imekazwa katikati ya magoti. Alinitazama. Kisha akainamisha kichwa. Baada ya wiki moja na nusu mama yake aliondoka, shamba lilikuwa linamngoja. Mimi nilimbakiza mke wangu katika chumba kile kwa wiki saba zaidi. Nilikuwa nimesoma kuliko wote wawili, na nilijua kwamba hakuna laana inayokaa ndani ya shaba.

Wiki ya saba nilimpelekea fundi wa saa ile saa ya meli isafishwe. Alikuwa Mhindi mzee mwenye duka jembamba mjini, ambaye pia alitengeneza vito. Nilikuwa nimechukua na ile pete kutoka kwenye kopo la vifungo. Nilifikiri akiipaka dhahabu upya, mke wangu angefurahi.

Aliitia pete chini ya lenzi ya jicho lake. Akaiweka mezani, akasogeza kiti nyuma.

"Pete hii imekunywa zebaki," akasema. "Zebaki iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Chini ya kitanda. Na ilimwagika kidogo."

Alitoa ile lenzi jichoni. "Na nani analala kwenye hicho kitanda?"

Nikamweleza. Nilianza na pete, nikajikuta nimeeleza mate, fizi, maua ya kitambaani, sufuria, mtoto. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akachukua penseli, akaandika jina lake kwenye karatasi, makusudi, kwa mkono unaotetemeka, herufi zikipanda na kushuka.

"Baba yangu aliandika hivi," akasema. "Alikuwa akipaka dhahabu kwa zebaki na moto, ndani ya chumba, miaka ishirini. Haionekani ikipanda. Haina harufu. Ukiipasha moto ndiyo inakuja zaidi." Aliikunja ile karatasi. "Mtoe mke wako leo. Usingoje kesho."

Nilitembea haraka, kisha nikakimbia, mtu mzima na tai shingoni, kupitia soko la Gikomba katikati ya mitumba na wauza samaki. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya baridi na jiko lilikuwa linawaka kwenye kona. Yeye alikuwa amejikunyata karibu nalo, shali mabegani. Niliufungua mlango wote, nikalibeba jiko na makaa yake nikalitupa uani.

"Makaa yangu!" akapiga kelele. "Umeingiwa na nini?"

Nilimshika mikono ile iliyokuwa ikitetemeka, nikamtoa nje kama chumba kinawaka moto. Nilishindwa kumweleza. Nilisema tu, "Mama yako alisema kweli," ingawa si kwa namna aliyofikiri mama yake. Alilala kwa mama jirani usiku huo, na asubuhi mama jirani mwenyewe alifunga biashara yake akamsindikiza mpaka kwao. Daktari niliyemweleza baadaye alisema kwamba dawa aliyo nayo ni hiyo niliyokwisha kumpa, kuondoka.

Nilibaki kusafisha. Jioni, jua lilipolala chini na kuingia kwa dirisha, niliweka shavu sakafuni kuangalia. Yalikuwa kila mahali. Katika kila ufa kulikuwa na mstari wa vijicho vinavyong'aa, na chini ya mguu wa kitanda, upande wake yeye, kidimbwi cha ukubwa wa shilingi. Polishi ya kila Jumamosi ilikuwa imeyasukuma ndani na kuyafunika kwa nta nyekundu, na jiko lilikuwa likiyaita yatoke. Niliyakusanya kwa kadi ya kalenda mpaka nikajua kwamba sitamaliza.

Vyombo vyangu nilivirudisha mnadani, vyote, na lebo nikaziandika mwenyewe kwa majina yake kamili. Safari hiyo mikono mingi iliinuka. Chupa ya zebaki niliibakiza, hiyo sikuthubutu kumuuzia mtu.

Nilihamia mtaa mwingine kabla ya mwezi kwisha. Karani wa kodi nilimweleza kuhusu sakafu, akaniuliza kama nimekunywa. Ndani ya siku chache chumba kilikuwa kimepata wapangaji, kijana wa kiwandani na mkewe na mtoto wa miezi minne. Nilimngoja yule kijana akitoka kazini nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mzee, chumba ulikiacha," akasema. "Ukikitaka tena, sema unakitaka. Usitutishe na hadithi."

Nilimwandikia mke wangu. Alikuwa amekaa kwao karibu miezi miwili; fizi zilikuwa zimepona, alikuwa anacheka tena, analala. Alijibu kwa mkono wa dadake, mstari mmoja: "Mama wa mtoto ulimwambia?" Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimezungumza na mwanamume mwenzangu nikaona nimemaliza.

Alikuja mwenyewe na basi la asubuhi. Hakutaka niingie naye uani, nilisimama barabarani. Mama jirani alinisimulia baadaye. Alibisha hodi katika mlango uliokuwa wake, akajitambulisha kuwa aliishi hapo, akaomba chai. Wakakaa nje, kwa ombi lake. Alipokea kikombe na kisahani, na kikaanza kulia juu ya kisahani, tititi, tititi, mpaka chai ikamwagikia mapajani. Hakukiweka chini. Alimwacha yule mke wa kijana atazame.

"Nilikuwa mshonaji," akamwambia. "Nilidarizi maua."

Wiki hiyohiyo yule kijana alinitafuta kazini. Tuliivunja ile sakafu Jumamosi mbili mfululizo, mimi na yeye, nyundo na tindo, mlango na dirisha wazi, leso zikiwa puani. Mkewe na mtoto tuliwapeleka kwa mama jirani. Kila bamba la simiti tulilolinyanyua, matone yalikimbia chini yake na kuingia kwenye kifusi, chini zaidi ya pale tungeweza kuchimba. Tulichimba mpaka udongo mweusi, tukaweka mawe mapya na simiti nene. Yule kijana alipendekeza tuipake nyekundu. Nilimwambia aiache hivyo.

Walikaa pale miaka mingi. Mtoto alikua, nilimwona akienda shule, nikajikuta kila mara namtazama mikono.

Mke wangu alirudi kwangu, katika nyumba nyingine, na tulipata watoto wawili. Mtetemo ulipungua lakini haukuisha. Hakushika sindano tena. Hasira yangu juu ya nafsi yangu aliivumilia kwa muda, kisha akaniambia niiache kwa sababu ilikuwa inamchosha yeye.

Kuna jambo moja ambalo hata yeye sikumwambia mpaka tukawa wazee. Kile kifusi kilijaza madebe kumi na mawili. Sikujua pa kukitupa. Jalalani watoto wanachakura. Mtoni watu wanafua. Nilikodi mkokoteni, nikakisukuma asubuhi ya Jumapili kupita viwanda, kuvuka reli, mpaka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali palipokuwa na nyasi na maji ya mvua tu, pasipo na nyumba hata moja. Nikazika madebe yote kwenye kona ya shimo, na juu yake ile chupa ya chuma, kizibo kikiwa kimekazwa kwa koleo. Nilijiambia hakuna mtu atakayekuja kuishi huku.

Nilirudi huko mwaka jana. Machimbo hayapo. Kuna maghorofa, saba, nane kwenda juu, yamebanana mpaka mchana barabarani ni kama jioni, na nguo zinaning'inia kila ngazi. Nilizunguka asubuhi nzima. Chuma hakidumu katika ardhi yenye maji; kwa hesabu yangu ile chupa ilikuwa imeshaoza zamani. Mlangoni pa ghorofa moja palikuwa na kisima, pampu ya umeme ikivuta maji kutoka chini, na wanawake wamepanga madumu.

Kijana wa getini alinijia. "Sasa, mzee. Unatafuta chumba?"

"Maji haya ni ya wapi?" nikamuuliza.

"Ni ya hapa hapa. Yanatoka chini, hayakatiki." Aliniangalia vizuri zaidi. "Kwani wewe ni wa serikali?"

Nikasema hapana. Aliniuliza tena kama nataka kuona chumba, kimoja kilikuwa wazi, ghorofa ya chini. Nikamfuata ndani kuitazama sakafu.